Uzito wa Anti, Mlima wa Subukia na Betri Moja

Muhula wa pili wa kidato cha tatu unakumbukwa kwetu kwa njia tofauti. Mama anaukumbuka kwa sababu aliitwa shuleni mara mbili kwa ajili yangu. Anti anaukumbuka kwa sababu nilimpandisha kwenye mizani ya maziwa mbele ya watu. Shosho, mama yao, akiulizwa hucheka tu, kisha anauliza blanketi liko wapi. Mimi naukumbuka kwa sababu ya betri moja ya pikipiki, nzito kama mtoto wa darasa la kwanza, ambayo ilikaribia kumpotezea anti kazi yake.

Nianze na anti. Ni mdogo wa mama, anaishi na shosho kule chini Subukia, na kila alfajiri anapita kwenye mashamba madogo ya bonde akikusanya maziwa kwa pikipiki ya umeme. Mikebe miwili mikubwa anaifunga nyuma kwa blada, zile kamba za mpira wa tyubu, halafu anapanda mlima hadi kituo cha maziwa kilichoko juu kando ya lami. Lori la kiwanda huondoka saa moja kamili. Maziwa yakifika saa moja na dakika tano, lori limekwenda, na anti anayarudisha alikoyatoa, mlango kwa mlango, akisikiliza kila nyumba ikimpa maoni yake.

Mimi na mama tunaishi Free Area, mtaa wa Nakuru, lakini viatu vyangu vya shule vilipanda ule mlima kabla sijavivaa. Sweta pia, vyote kwa pesa ya maziwa. Anti hana mtoto, ana mimi, na yeye husema hiyo ni hasara ya kutosha.

Mwezi wa sita, baridi ilipoanza kushika, pikipiki ikaanza kumzimikia. Si popote. Ni kwenye kona moja tu, ile kali yenye mikaratusi, pale mlima unaposimama kama ukuta. Kioo cha usukani kinaingia giza, mota inanyamaza, anti anaweka mguu chini. Akingoja kama robo saa, pikipiki inaamka yenyewe kama mwanafunzi aliyesikia jina lake, inaendelea, inafika juu, na lori limeenda. Ilifanya hivyo mara tatu katika wiki moja. Waliomuuzia walimwambia kwa simu kwamba betri imekufa, atafute nyingine. Meneja wa kituo naye akamwambia, kwa upole wote wa mtu ambaye hatasukuma pikipiki, kwamba Jumatatu ikifika na bado anachelewa, ile njia atapewa kijana mwenye pikipiki ya petroli.

Ndipo anti akanipigia mimi simu. Unaweza kujiuliza ni kwa nini mtu mzima mwenye shida ampigie mtu ambaye wiki hiyo hiyo alikuwa kwenye adhabu. Jibu ni kwamba adhabu ndiyo iliyokuwa sababu.

Nilikuwa nimemwiga mwalimu mkuu pale gwarideni. Ana mwendo wake, bega moja linatangulia kama linafungua mlango, na mimi naujua vizuri kuliko yeye. Wenzangu wakacheka, wakacheka, halafu wakanyamaza ghafla. Nilidhani nimefikia kiwango cha juu cha sanaa. Kumbe alikuwa nyuma yangu.

Nilikuwa nipewe panga nikafyeke uwanja wote. Mwalimu wa fizikia, mtu mkavu ambaye sijawahi kumwona akicheka, akasema, "Huyu nipe mimi." Akanipeleka maabara. Kwenye ubao mrefu alikuwa amepigilia balbu kumi na nane za taa za mbele za magari, alizookota kwenye gereji za Kaptembwo, safu tatu za sita sita. Chini ya ubao kulikuwa na betri kuukuu ya pikipiki ya umeme. Kazi yangu ilikuwa kuwasha balbu zote, kukaa, na kila baada ya dakika tano kusoma mita na kuandika volti ngapi, ampea ngapi, mpaka betri iishe.

"Mwalimu, hii ni adhabu ama ni kazi?"

"Ukimaliza utaniambia."

Siku ya kwanza niliandika namba nikiwa nimenuna. Siku ya pili nilichora mwalimu pembeni mwa karatasi, akiwa na pembe. Siku ya tatu nikajishika nikifanya jambo la ajabu. Kabla ya kusoma mita nilikuwa tayari najua itasema nini. Nakisia sabini na sita nukta nne, naangalia, ni sabini na sita nukta nne. Nikamwambia mwalimu. Akavuta kiti, akafungua kompyuta yake yenye kioo kilichopasuka kona, na kunionyesha kwamba nilichokuwa nakifanya kichwani kina jina, kinaitwa modeli, na watu wanaotengeneza magari ya umeme hushinda wakifanya hicho hicho. Betri unaifikiria kama tanki la maji lenye bomba. Ukubwa wa tanki ni kitu kimoja, wembamba wa bomba ni kitu kingine. Ule wembamba yeye anauita ukinzani wa ndani. Mimi niliuita ukaidi. Ukiitisha umeme mwingi kwa mara moja, ukaidi unafanya volti zianguke. Na ndani ya kila betri ya lithiamu kuna kibao kidogo cha umeme kinacholinda seli. Volti zikianguka chini ya kiwango fulani, kinafunga. Hicho nilikiita soja, kwa sababu kinafanya kazi kama soja wa geti letu la shule, hakiulizi unaenda wapi wala una haraka gani.

Kwa hivyo wakati anti anapiga simu, mimi nilikuwa mtu pekee katika ukoo mzima aliyewahi kukaa na betri kwa saa sita akiiangalia usoni.

Betri ilifika Nakuru Jumatano jioni ndani ya gunia, juu yake kabichi tatu za shosho. Alhamisi na Ijumaa anti alibebewa maziwa na jirani, na Alhamisi hiyo sisi tulifunga shule saa sita kwa likizo fupi. Mwalimu angeweza kwenda nyumbani. Nilimwona akiangalia mlango mara moja, kisha akavua koti.

Tukaipima. Jua la mchana lilikuwa limepiga mabati ya maabara tangu asubuhi, balbu kumi na nane zinawaka, shati la mwalimu limemshika mgongoni. Betri ikashuka polepole, kwa heshima, karibu saa mbili nzima. Ilitoa ampea-saa ishirini na sita kati ya thelathini zilizoandikwa ubavuni mwake.

"Hii ni mzee," mwalimu akasema, "lakini si mgonjwa."

Nikaanza kujenga mlima kwenye kompyuta. Umbali, mwinuko, uzito wa pikipiki, uzito wa mikebe ikiwa imejaa. Ikabaki kitu kimoja.

"Anti, una kilo ngapi?"

"Za nini?"

"Ni ya sayansi."

"Andika sitini na tano."

"Anti."

"Nimekuambia andika sitini na tano. Hiyo sayansi ikitaka zaidi, iongee na mimi."

Nikaandika. Modeli ikasema anti atapita kona ya mikaratusi bila shida na kufika kituoni akiwa bado na robo ya betri. Ijumaa asubuhi nikashuka Subukia na betri kwenye gunia na karatasi ya utabiri mfukoni, kifua kimenitangulia kama bega la mwalimu mkuu.

Shosho alitupokea sote wawili, mimi na betri, kwa namna moja, akitugusa kuona kama tuko sawa. Ni mwanamke mfupi mwenye mikono ya baridi siku zote, kwa sababu mikono hiyo hushinda kwenye maji ya kupozea maziwa. Nyuma ya jikoni kuna kibanda cha mawe. Ndani kuna birika refu la saruji, na maji ya chemchemi yanapita humo kwa mfereji mchana kutwa. Maziwa ya jioni huwekwa pale yakiwa na joto la ng'ombe, na alfajiri yanatoka kama yalikuwa mlimani. Katika maisha ya anti na mama, maziwa ya shosho hayajawahi kukataliwa kituoni hata siku moja. Hilo utaambiwa kabla hujakalishwa.

Jioni ile anti aliweka betri kwenye chaja, mezani sebuleni. Shosho akapita na kikombe, akasimama, akaiwekea betri nyuma ya kiganja kama anavyofanya kwa paji la uso la mtoto.

"Hii kitu inashika homa."

"Ni kawaida, shosho. Inachajiwa, lazima ipate joto kidogo."

"Mm," akasema shosho.

Ile "mm" nilipaswa kuiandika kwenye karatasi yangu pamoja na volti. Sikuiandika.

Jumamosi alfajiri nilitangulia kwa miguu hadi kona ya mikaratusi na chupa ya chai. Mpango wa anti ulikuwa rahisi. Ikizima, tutakunywa chai tukingoja iamke, kwa sababu hasira tupu haishibishi. Mpango wangu ulikuwa asimame kidogo anishukuru, kisha aendelee. Pikipiki ya umeme haina mlio, kwa hivyo kilichonifikia kwanza ni mikebe ikigongana. Kisha taa. Kisha taa ikapungua, ikakonda, ikazima, na anti akaweka mguu chini mita kumi kutoka niliposimama.

Alishika mikebe isilale. Baadaye akauliza, "Modeli yako iko wapi?"

"Iko kwa mfuko."

"Iambie itoke isukume."

Tulisukuma, yeye mbele, mimi nyuma nikipumua moshi wa baridi. Chai tulikunywa tumesimama. Jua lilipogusa vilele vya miti, kioo kikawaka chenyewe, kama kawaida yake. Tulifika kituoni tukakuta alama za magurudumu ya lori kwenye matope.

Meneja hakupaza sauti. "Madam, mimi nilisema Jumatatu na bado ni Jumatatu. Lakini hii ya leo unaiona mwenyewe." Wakulima wawili waliokuwa wakisubiri madebe yao waliangalia kando. Anti ana uso ambao hauonyeshi mambo, ila vidole vyake vilikuwa vikifungua blada na kuifunga tena, kuifungua na kuifunga, kwenye mkebe ambao haukuwa na haja ya kufungwa.

Hapo ningenyamaza. Lakini mimi huwa nikiona watu wamenyamaza nasikia kama nimealikwa.

"Anti," nikasema, "panda hapa." Nilikuwa nimesimama kando ya mizani ya maziwa, ile ya chini ya kupimia mikebe.

"Kufanya nini?"

"Modeli iliambiwa sitini na tano. Pengine haikuambiwa ukweli."

Mkulima mmoja akakohoa. Anti alinitazama kwa muda ambao nilihesabu maisha yangu yote na kuona hayakuwa mengi. Kisha akapanda, na buti zake na koti na kila kitu, mikono kiunoni.

"Soma," akamwambia meneja.

"Sabini na moja," meneja akasema, akiwa na adabu ya kutotabasamu.

Nikatoa kitabu na kupiga hesabu pale pale juu ya mkebe. Kilo sita. Kilo sita hazikubadilisha chochote cha maana. Modeli bado ilisema amefika zamani.

"Kwa hivyo si mimi," anti akasema.

"Si wewe."

"Basi niombe msamaha. Hapa hapa."

Nikamwomba msamaha mbele ya meneja, wakulima wawili na mbwa wa kituo. Nilijaribu kuuomba kwa sauti ndogo. Akasema hajasikia.

Tulipokuwa tunarudisha maziwa, nilimpigia mwalimu simu nikiwa nyuma ya ua wa mtu.

"Mwalimu, imezima tena. Modeli imedanganya."

"Modeli haiwezi kudanganya. Inajua tu kile ulichoiambia. Ni nini hujaiambia?"

"Nimeiambia kila kitu. Hata siri ya anti."

Nilisikia kuku kwake. "Sisi tuliipima hapa maabara," akasema. "Haiishi hapa. Kaa uangalie siku yake nzima, hasa ikiwa haifanyi kazi."

Nilikaa, na sikuona kitu. Iliwekwa chaja alasiri, ikajaa jioni, ikazimwa, ikaachwa mezani. Anti, ambaye huamka saa kumi na moja kasoro, alienda kulala mara tu baada ya chakula. Asubuhi huwa anaikuta imeshabebwa hadi kwenye pikipiki na kupanguswa vizuri, na huwa anamshukuru shosho kwa kumpunguzia kazi. Nami baada ya chakula nilikuwa na mradi wangu mwingine, ambao hauhusiani na sayansi. Maziwa ya jioni yakitulia kwenye mikebe, krimu hupanda juu. Kijiko kimoja kutoka kila mkebe hakuna anayekigundua. Nimefanya utafiti wa kutosha.

Nikaingia kibandani na tochi ya simu mdomoni na kijiko mkononi. Maji yanatiririka, mikebe imepangwa ndani ya birika. Mkebe wa kwanza, wa pili, na kati ya wa pili na wa tatu, juu ya jiwe bapa, chini ya gunia lililolowa, kuna kitu cha mraba. Nikainua gunia.

Ilikuwa betri. Niliigusa. Ilikuwa na baridi kama kisu.

"Unafanya nini humu?" Shosho alikuwa mlangoni, ndoo mkononi.

Kijiko kilikuwa mkononi mwangu. "Na betri inafanya nini humu?"

"Mimi nimekuuliza kwanza."

"Nilikuwa naangalia krimu."

"Kwa kijiko."

"Shosho, betri."

Akaweka ndoo chini. Hakuwa na aibu yoyote, alikuwa kama mtu anayeulizwa kwa nini amefunga mlango wa boma. "Si ilikuwa inachemka? Wewe mwenyewe uliona. Kitu ikitoka na joto hivyo, ukiiacha nyumbani usiku, asubuhi imeharibika. Anti yako alisema inamsumbua. Nikasema usiku niipoze vizuri. Naileta nikifunga maziwa, naitoa nikienda kukama."

"Tangu lini?"

"Tangu ianze kumsumbua. Ama kidogo kabla, baridi ilipoanza. Iliponunuliwa sikuwa naiweka."

Nikaona kila kitu kwa pamoja. Bomba la betri likipata baridi linakuwa jembamba. Ukaidi unaongezeka, na kwa betri mzee unaongezeka zaidi. Anti anaondoka alfajiri na betri iliyotoka kwenye maji ya chemchemi, tambarare inampeleka kwa kuwa umeme unaoitishwa ni kidogo, anafika kwenye kona ambako unaitishwa wote kwa mara moja, volti zinaanguka, soja anafunga geti. Akikaa robo saa volti zinapanda tena, jua linatoka, geti linafunguka. Nami nilikuwa nimeipima mchana chini ya mabati, nikaandika uzito wa anti hadi nikamwaibisha, na hakuna popote nilipoandika baridi.

Nikamweleza. Nilieleza haraka, na furaha ya mtu aliyepata jibu, mpaka nikafika katikati na kuona uso wa shosho.

Alikalia kigoda cha kukamia. "Kwa hivyo ni mimi nimemharibia kazi."

Mimi huwa na mzaha kwa kila kitu. Nimewahi kuwachekesha watu kwenye matanga, na ilikuwa matanga ya mtu niliyempenda. Nilifungua mdomo nikitafuta mmoja, hata mdogo, na hakukuwa na kitu. Maji tu yakipita kwenye birika. Kwenye birika hilo mama alisomeshwa, anti akasomeshwa, na sehemu yangu ilikuwa inapitia humo pia, mkebe kwa mkebe. Na yule aliyesimama ndani ya hayo maji miaka yote alikuwa ananitazama kama anangoja kuadhibiwa.

"Shosho," nikasema, "wewe uliigusa."

"Ndiyo nasema."

"Hapana, sikiza. Anti hakuigusa. Waliomuuzia hawakuigusa, waliongea kwa simu. Mimi niliipima saa mbili na sikuwahi kuiwekea hata kidole kujua ina joto ama baridi. Wewe peke yako ndiye ulifikiria hiyo mambo. Ulikosea upande tu."

Alifikiria hilo. "Upande gani?"

"Haitaki kupozwa."

"Una hakika, ama ni kama ile ya kilo?"

Nilistahili. Na kwa kuwa nilistahili, nilikubali alichosema baadaye, kwamba iachwe pale pale usiku ule, tuone kwa macho. Jumapili lori haliji, kwa hivyo hatungepoteza kitu. Shosho hakutaka kuambiwa amekosea na mtu mwenye kijiko. Alitaka kuonyeshwa. Kabla ya kulala alikwenda mwenyewe kumwambia anti. Sikusikia walichoongea, nilisikia tu anti akicheka, kicheko kirefu ambacho nilikuwa sijakisikia tangu nifike.

Asubuhi shosho alitoa kipimajoto cha maziwa alichopewa na watu wa ushirika, ambacho kilikuwa kimening'inia msumarini bila kazi kwa sababu yeye hupima kwa mkono. Tukakibana ubavuni mwa betri. Digrii tisa. Nikafunga mita kwenye usukani kwa blada, anti akapakia mikebe iliyojaa maji, akapanda kale kamlima ka kuelekea kanisani, mimi nikikimbia kando nikisoma namba. Tambarare, sabini na tisa. Kamlima kalipoinuka, sabini, sitini na tano, sitini na moja. Soja hufunga kwenye sitini. Anti akaachilia mwendo kabla haijazima.

Kisha betri ikakaa mchana kutwa jikoni, mbali na moto lakini kwenye ukuta ulioshika joto lake. Tukaichaji tena. Jioni digrii ishirini na nne, mikebe ile ile, kamlima kale kale, watu wa kwaya wakitutazama tukipita mara ya pili na maji. Shosho alisimama juu kabisa, na leso mabegani.

"Inasema ngapi?" akauliza.

"Sabini na moja," anti akajibu kutoka kwenye kiti. "Haitaki kushuka, mami."

Shosho akaja, akaiwekea betri nyuma ya kiganja.

"Kumbe si maziwa," akasema. "Ni ndama."

Kwa ndama hakuna anayehitaji kumfundisha. Ndama anazaliwa usiku wa baridi, unampangusa, unamweka pakavu, unamfunika. Alichukua blanketi la kitandani kwangu, akalikunja mara mbili. Mwalimu alikuwa amesema kwa simu isifunikwe ikiwa bado kwenye chaja, ingojwe itulie kwanza, na shosho alingoja kwenye kiti mbele yake na blanketi mapajani, kama mtu wa zamu. Mimi nililala na sweta mbili na koti la anti linalonuka maziwa. Kabla ya kulala nilifungua kitabu, nikachora safu mpya kwenye jedwali, ya joto la betri wakati wa kuondoka, na juu ya safu hiyo nikaandika "shosho". Mwalimu alipoiona baadaye hakuifuta. Aliniambia niongeze nukta za desimali.

Jumatatu nikapanda tena hadi kona ya mikaratusi na chupa ya chai na vikombe viwili. Kulikuwa na ukungu ambao ungeweza kuukata vipande. Nilisimama pale pale nikaanza kukisia kama nilivyozoea. Modeli mpya ilisema sitini na tisa kwenye kona. Lakini modeli ya kwanza nayo ilikuwa imesema mambo.

Mikebe ikasikika. Taa ikatokea chini, ikapanda, ikaingia kwenye kona. Nilingoja ikonde. Haikukonda. Anti alikuja akiwa ameinama mbele, akanitazama mimi, akatazama vikombe, na akapita. Hakupunguza hata kidogo. Aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, si zaidi, na taa nyekundu ikazunguka miti na kupotea, mikebe ikigongana mpaka ikawa mbali.

Nilibaki peke yangu na chai ya watu wawili. Nilikunywa kikombe changu. Kisha nikanywa chake, polepole, nikiwa nimesimama kwenye matope ya kona ile, na nakwambia sijawahi kufurahia kuachwa namna hiyo. Kabla sijamaliza simu ikalia. "Lori bado linapakia," anti akasema. "Niko hapa na meneja. Ananiuliza kama nataka kupimwa tena."

Nikashuka kumwambia shosho. Nilimkuta kibandani anaosha birika. Lile jiwe bapa kati ya mkebe wa pili na wa tatu lilikuwa tupu, na kwa namna ya ajabu alikuwa amelisugua pia.

"Imefika?"

"Imefika, shosho."

"Na mapema?"

"Mapema."

Akapangusa mikono kwenye leso, mikono ile ya baridi. Nilitaka kumwambia asante, na nilikuwa na mengi ya kumshukuru, kuanzia viatu. Lakini mtu kama mimi akisema asante bila mzaha watu hudhani anaumwa. Basi nikachukua ndoo nikamsaidia kusuuza birika.

Shosho akachukua kikombe rafuni, akakichovya kwenye mkebe mdogo aliouacha pembeni, akanipa kikiwa na krimu hadi ukingoni.

"Chukua," akasema, "kabla hujaiba. Na blanketi yako usiulize. Bado inatumika."